Shukrani kwa Ajili ya Ukimya

Jumatatu, tarehe 30 Septemba 2024, Osmund alifika karakana saa moja na robo asubuhi. Alipiga msasa milango ya kabati hadi saa nne, alipoletewa chai, akanywa nusu kikombe. Saa nne na nusu alirudi kwenye benchi lake. Saa saba mchana alikaa mbele ya sahani ya ugali na maharage kwa dakika ishirini, akala kidogo, akanawa mikono. Saa kumi alasiri alikung'uta vumbi kwenye kofia yake, akaivaa, akaondoka. Katika saa zote hizo hakusema neno hata moja.

Kwa mtu mwingine isingekuwa habari. Kwa Osmund ilikuwa habari, kwa sababu tarehe 30 Septemba ni sikukuu ya Mtakatifu Hironimus, na mwenye karakana yetu ni Fundi Hironimus. Kwa miaka saba aliyofanya kazi pale, Osmund hakuwahi kuipitisha siku hiyo kimya. Kila mwaka alisimama mlangoni kabla ya kuvua kofia na kutangaza, kwa sauti ya msoma masomo kanisani, "Fundi, leo ni yako." Hapo Careen, anayetuuzia chai, alikuwa akimdai Fundi soda za karakana nzima. Mwaka huo hakuna aliyetangaza, na soda hazikununuliwa.

Fundi mwenyewe alikumbuka wakati wa kufunga.

"Kumbe leo ilikuwa yangu," alisema. "Nimenusurika."

"Umenusurika kwa sababu Osmund amekua," Careen alimjibu huku akikusanya vikombe. "Siku hizi ametulia. Mungu anaweza."

Osmund alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne.

Alizaliwa Mshangano, hapa Songea, katika nyumba ileile anamoishi hadi leo na mama yake, Aurelia, mkulima wa mahindi na maharage. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo. Alichelewa kusema; neno lake la kwanza la kueleweka, kwa kumbukumbu ya mama yake, lilikuwa "Jumatano," na siku hiyo kweli ilikuwa Jumatano. Shuleni alijifunza kusoma kabla ya wenzake, lakini alikuwa akisimama katikati ya somo na kubembea, na kengele ilipolia alijificha chini ya dawati. Walimu walimvumilia hadi darasa la tano. Alipokuwa na miaka ishirini na miwili ndipo daktari alipompa mama yake neno usonji. Mama Aurelia alilibeba neno hilo hadi kwenye jumuiya yetu ya sala ya mtaani na kulieleza kwa ufupi: si wazimu, si laana, ni namna alivyoumbwa. Wanajumuiya walilipokea. Kisha wakaendelea kuomba limtoke.

Kitu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa kitabu kikuukuu cha watakatifu, alichoachiwa na padre mmoja mzee aliyehama parokia. Kutoka katika kitabu hicho alijua sikukuu ya kila jina. Huku kwetu, ambako watu hubatizwa Sixbert na Osmund na Beda, hayo ni maarifa yanayomhusu kila mpita njia. Hakumsalimu mtu kwa "habari za asubuhi." Wazee aliwapa shikamoo, kisha tarehe yao. Wengine aliwapa tarehe tu. Watoto wa mtaani walimwita Kalenda, naye aliitika, kwa sababu hakuona kosa katika jina hilo.

Kazi yake karakanani ilikuwa msasa. Benchi langu la kuungia fremu liko mkabala na lake, kwa hiyo namna yake ya kufanya kazi naifahamu. Alisugua kwa kufuata nyuzi za mti, kutoka ukingo hadi ukingo, bila kuruka. Kila baada ya kitambo aliusimamisha mkono na kuupapasa ubao kwa mgongo wa kiganja, si kwa kiganja chenyewe. Fundi Hironimus alipomuuliza sababu, alisema kiganja cha fundi kimeota sugu, na sugu hudanganya. Na muda wote huo alizungumza: ubao huu mninga, ule mkangazi, kesho nani, keshokutwa nani. Wateja wageni walidhani anazungumza nao.

Aliyependa kumchokoza ni Iddi, dereva wa bodaboda anayeegesha chini ya ukuta wetu, mwenyeji wa Tunduru aliyehamia Songea kwa ndoa.

"Kalenda, leo nani kazaliwa?"

"Hakuna aliyezaliwa. Sikukuu ni siku aliyokufa."

"Haya, na mimi yangu lini?"

"Iddi haina tarehe. Inategemea mwezi."

"Mnamsikia?" Iddi aliwageukia wengine. "Jina langu lenyewe ni sikukuu, na bado naambiwa nisubiri mwezi uandame."

"Na mimi?" Careen aliuliza.

"Careen hayumo."

"Nimefutwa?"

"Hukuwahi kuandikwa."

Careen alicheka hadi akaweka birika chini. Osmund hakucheka. Kukosekana kwa jina la Careen kulimsumbua kwa muda mrefu, na ndiko kulikomtoa nyumbani mwezi Machi wa mwaka huohuo.

Ilikuwa mwishoni mwa Kwaresima. Majuma kadhaa kabla ya hapo alikuwa ameongeza kasi ya kila kitu. Alifika karakana kabla ya jua, akakuta mlango umefungwa, akapiga msasa mlango wenyewe. Nyumbani alisugua meza ya mama yake, kisha viti, kisha mpini wa jembe. Alilala kidogo na hakuonekana kuchoka. Alizungumza hata akiwa na chakula mdomoni, akicheka peke yake kwa furaha ambayo hakuna aliyejua ilikotoka. Majirani walisema Kwaresima imempanda kichwani.

Tarehe 21 Machi, ambayo wamonaki huadhimisha kifo cha Mtakatifu Benedikto, aliondoka alfajiri kwa miguu kwenda Hanga kuwaomba wamonaki wamwingize Careen katika kitabu. Mama yake alipoamka na kukuta kitanda kitupu, alikimbilia kwa Iddi. Iddi alimkuta mbali, kwenye barabara ya Namtumbo, viatu mkononi, miguu imevimba, akiongea na upepo.

"Panda twende," Iddi alimwambia.

"Hija ni kwa miguu."

Iddi aliendesha pikipiki kwa mwendo wa konokono kando yake, akibembeleza. Alimwambia mama analia. Osmund akajibu kwamba ataacha kulia atakaporudi. Mwishowe Iddi alifikiri kidogo, akabadili njia.

"Sawa, tembea. Lakini kwa mwendo huu utafika kesho. Kesho ni ya nani?"

Osmund alisimama. Kisha akapanda.

Iddi hakumrudisha nyumbani. Alimpeleka Hanga, kwa maelezo kwamba mtu uliyempandisha kwa tarehe huwezi kumteremsha kwa uongo. Ndugu mmoja wa monasteri aliwapokea, akawapa maji, akamsikiliza Osmund hadi mwisho bila kumkatiza. Alimwambia kwamba wasio na sikukuu yao katika kitabu wana yao ya pamoja, tarehe mosi Novemba, Watakatifu Wote. Osmund alirudi akitangaza habari hiyo njia nzima. Careen alipata tarehe.

Baada ya Pasaka kasi ile ilipungua. Mei na Juni alikuwa kama tulivyomzoea. Agosti sauti yake ilianza kushuka. Aliacha kuwasalimu wapita njia, kisha wateja, kisha sisi. Kubembea kukakoma. Kanisani alikaa misa nzima bila kusimama wakati wa mahubiri kumsahihisha padre tarehe, jambo ambalo alikuwa amelifanya kwa miaka. Suruali zake zilianza kumpwaya, akazifunga kwa kamba ya katani. Watu waliona kukaa kule na kunyamaza kule. Kamba hawakuiona, kwa kuwa shati liliifunika.

Mama yake, kwa zaidi ya miaka thelathini, alikuwa ameomba mtoto atulie. Utulivu ulikuwa umefika. Aliniambia baadaye kwamba usiku alikuwa akisikiliza mlangoni mwa chumba cha mwanawe, na kwamba kimya cha humo hakikufanana na cha mtu aliyelala, lakini asubuhi alijikataza kukifikiria.

Siku chache baada ya ile Jumatatu ya Fundi, Osmund alisugua mlango mmoja wa mninga mahali pamoja tangu asubuhi hadi mchana. Hakuupapasa hata mara moja. Nilipouwekea rula ili nipime nafasi ya bawaba, mwanga ulipita chini ya rula: alikuwa amechimba bonde. Nilimwonyesha Fundi. Alipitisha kidole, akasema huenda ubao ulikuwa na ulaini pale. Mninga hauna ulaini wa namna hiyo, naye analijua hilo kuliko mimi. Alisimama kitambo akimtazama Osmund, kisha akaenda kumpokea mteja.

Mwenyekiti wa jumuiya yetu ni Mzee Beda, mwalimu mstaafu, mtu wa utaratibu. Ndiye aliyetoa wazo la shukrani. Oktoba ni mwezi wa rozari, na jioni za mwezi huo jumuiya huzunguka nyumba kwa nyumba. Zamu ya nyumba ya Mama Aurelia iliangukia Jumanne, tarehe 15. Mzee Beda alipendekeza jioni hiyo isiwe ya rozari peke yake, bali familia itoe shukrani rasmi kwa uponyaji wa Osmund, na wanajumuiya wale pamoja. Kwetu, neema isiyoshukuriwa hadharani huhesabiwa kuwa imeibiwa. Mama Aurelia alikubali. Alichinja kuku wawili, akapika wali.

Tulikusanyika saa kumi na moja jioni. Osmund aliketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, amevaa shati jeupe lililokuwa limemkaa vizuri siku ya Pasaka na sasa lilimwangukia mabegani. Mikono yake ilikuwa mapajani. Waliopita mbele yake walimgusa kichwa, kitu ambacho zamani kingemfanya apige kelele. Hakusogea. Mama mmoja alimwambia jirani yake kwa sauti ya chini, "Ona alivyo mpole. Kama sanamu."

Rozari ilisaliwa hadi mwisho. Mzee Beda alimkaribisha mwenye nyumba. Mama Aurelia alisimama, akakunja ncha ya kitenge mkononi.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina."

"Ndugu zangu wanajumuiya, mwenyekiti amesema tushukuru, nami nilikubali. Mnamjua mwanangu. Mlimjua alivyokuwa akipiga kelele kanisani, mkanivumilia. Sasa mnamwona." Aliikunja tena ncha ya kitenge. Tulidhani ni machozi, tukasubiri. Aliposema tena, sauti ilikuwa kavu. "Leo ni tarehe ngapi?"

"Kumi na tano, mama," Mzee Beda alijibu. "Teresia wa Avila."

"Na nani mwingine?"

Tulitazama ukutani. Kalenda ya ukutani, ile iliyoning'inia juu ya kichwa cha Osmund, iliandika Teresia peke yake. Lakini katika kile kitabu kikuukuu, chini ya Teresia, kwa herufi ndogo, kuna Aurelia. Katika mtaa mzima mtu mmoja ndiye aliyelijua hilo. Kila mwaka, tangu alipojua kusoma, alibisha mlango wa mama yake kabla ya jogoo na kusema, "Mama, leo ni yako." Mama yake hakuwahi kuwa na sikukuu nyingine.

Mama Aurelia alimgeukia.

"Na nani mwingine, mwanangu?"

Osmund alitazama mikono yake.

"Basi mimi sishukuru," alisema Mama Aurelia. "Wali mtakula, kuku mtakula. Lakini kushukuru, sishukuru. Mwanangu hayupo hapa."

"Yupo, mama," mtu alimwambia kwa upole. "Amekaa hapo ukutani."

"Nimesema hayupo."

"Mama Osmund," alisema Mzee Beda, "nia ya sala imeshatangazwa."

"Igeuzeni. Ilikuwa ya shukrani, iwe ya maombi."

Mzee Beda alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Inaelekea katika miaka yake yote ya uongozi hakuwa amekutana na jambo hilo. "Kama ni hivyo," alisema hatimaye, "tuanze upya na ishara ya msalaba." Tukaanza upya. Tulipomaliza, chakula kililiwa kwa haraka. Mzee Beda alibaki nyuma. Nilimwona akichuchumaa mbele ya Osmund, akainua pindo la shati kidogo, akaiona kamba.

Kesho yake asubuhi walikwenda hospitali kwa pikipiki ya Iddi, watatu mshikaki: Iddi mbele, Osmund katikati, mama nyuma akimshikilia mwanawe kama mzigo wa kuni. Yaliyosemwa huko nilisimuliwa na Mama Aurelia mara mbili na Iddi mara moja. Masimulizi yao yanatofautiana mahali pamoja tu: mama anasema Osmund alijibu akitazama meza, Iddi anasema alimtazama daktari.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo. Alipoelezwa kuhusu usonji aliitikia, akasema huo ni wa siku zote. Yeye anataka kujua kilichobadilika. Alimuuliza Osmund anajisikiaje. Hakujibiwa. Hakurudia swali hilo. Aliuliza la namna nyingine.

"Mama anasema unazijua tarehe za watu wote. Sasa ziko wapi?"

Daktari aliweka kalamu chini.

"Zipo," alisema Osmund. Lilikuwa neno la kwanza mama yake kulisikia tangu katikati ya Septemba. "Ni nzito kusema."

"Nzito kama nini?"

"Kama mninga mbichi."

Daktari aliuliza moja kwa moja, bila kupamba, kama amewahi kufikiria kufa.

"Osmund alikufa tarehe nne Desemba," alijibu. "Nangoja ifike."

Mama Aurelia alisema kwamba alihesabu vigae vya sakafu ili asianguke. Osmund hakuwa na hasira wala huzuni usoni. Alikuwa ametoa tarehe, kama alivyotoa tarehe maisha yake yote. Tofauti ni kwamba safari hii ilikuwa yake, na tangu hapo kila aliyekuwa karibu naye alijua siku yenyewe.

Daktari aliuliza kama kabla ya ukimya huo kulikuwa na kipindi cha kinyume chake, kipindi cha kukosa usingizi na kujaa nguvu. Mama Aurelia alisema hapana. Iddi, aliyekuwa amesimama mlangoni na helmeti mkononi, alikohoa.

"Samahani daktari, mimi si ndugu. Na ile safari ya Hanga, mama?"

Ndipo vipande vilipoanza kuwekwa pamoja: meza iliyosuguliwa, mpini wa jembe, miguu iliyovimba, kicheko cha peke yake. Wakati ule kila kimoja kilikuwa kimewekwa kwenye hesabu ya usonji, kama vile mtu mwenye usonji hawezi kuugua kitu kingine. Daktari hakuharakisha. Alisema yapo maradhi ya hisia yanayompandisha mtu na kumshusha, na kwamba kwa mtu kama Osmund ni rahisi kuyapita bila kuyaona, kwa sababu uso wake hausemi kile ambacho nyuso za wengine husema.

"Sisemi ndiyo, sisemi hapana," alisema. "Huenda ni viwili vinavyoishi nyumba moja. Tutamtazama kwa miezi. Lakini hili la Desemba halisubiri miezi."

Alilazwa kwa juma moja. Aliporudi alikuwa na vidonge, na mama yake alikuwa na maagizo: asiachwe peke yake, vitu vyenye makali vifungiwe, usingizi wake uangaliwe, na waripoti kila juma. Fundi Hironimus alikusanya patasi, visu na misumeno ya mkono kila jioni na kuvibeba nyumbani kwake katika gunia. Aliyemuuliza sababu aliambiwa wezi wamezidi. Osmund alirudi kwenye benchi lake na kupewa mbao za paini, ambazo hata ukizichimba bonde hasara si kubwa. Mzee Beda alipita karibu kila siku akienda sokoni, ingawa karakana haiko kwenye njia ya kutoka kwake kwenda sokoni.

Siku ya Watakatifu Wote ilipita bila neno. Katikati ya Novemba, asubuhi, Careen alipomwekea chai, Osmund alikishika kikombe, akasema, "Ilikuwa yako tarehe mosi. Imepita."

"Hata ikipita," Careen alijibu. Aliondoka na birika bila kuwamiminia wengine, na hakuna aliyemdai.

Ilibaki tarehe nne Desemba. Daktari alikuwa ameshauri isifichwe wala isifanywe tamasha. Ilikuwa Jumatano. Mama Aurelia alimsindikiza mwanawe karakana saa moja asubuhi, akaketi juu ya rundo la mabaki ya mbao, akaanza kuchambua maharage kwenye ungo. Alichambua maharage yaleyale hadi jioni. Fundi alitupangia kazi zote za ndani, ingawa nje kulikuwa na fremu za kupaka vanishi. Mzee Beda alifika saa tatu akisema anataka kutengenezewa stuli, akakaa kuisubiri itengenezwe.

"Stuli ya namna gani, Mwalimu?" Fundi alimuuliza.

"Ya kukalia."

Osmund alipiga msasa. Mchana alikula ugali wote. Saa kumi na mbili Iddi aliingia na helmeti yake.

"Kalenda, siku imeisha?"

"Bado. Inaisha saa sita usiku."

"Basi twende kwenu, nikaisubiri na mimi. Mama ana wali?"

"Ana ugali."

"Mmenialika wenyewe," alisema Iddi, ambaye hakuwa amealikwa.

Alikaa nao hadi saa sita. Kwa maelezo yake, hawakuzungumza jambo la maana: Osmund alitaka kujua mwezi wa Ramadhani ujao utaandama lini, naye alimjibu kwamba hajui, na swali hilo lilirudiwa mara nyingi. Saa sita ilipopita Osmund alisema, "Sasa ni tarehe tano," akaenda kulala. Mama Aurelia alimwomba Iddi asiondoke hadi kuche, naye alilala kwenye mkeka sebuleni, chini ya kalenda.

Hadi ninapoandika haya, neno la daktari halijabadilika. Bado ni huenda. Februari usingizi wa Osmund ulipungua na sauti ikapanda. Mama yake alilitambua jambo hilo mapema, kwa mpini wa jembe uliosuguliwa upya, na dawa zikarekebishwa. Agosti alinyamaza tena kwa majuma mawili. Safari hii hakuna aliyeshukuru.

Tarehe 4 Desemba 2025, Alhamisi, Osmund alifika karakana saa mbili na dakika kumi, amechelewa kwa usingizi wa vidonge vyake. Alisimama mlangoni na kofia yake kichwani, akasema, "Leo ni yangu." Careen alimdai soda. Alisema hana fedha, akavua kofia, akapiga msasa mlango mmoja wa mninga, akaupapasa kwa mgongo wa mkono, na saa nane mchana akaomba ruhusa kwenda nyumbani kulala.